Kopo la Udongo wa Kwetu

Malisho yetu yamefungwa yapumzike miaka hamsini, na kila nyumba imepewa kopo moja tu la udongo wa kwao. Wetu ni tifutifu, mweupemweupe, wenye chokaa nyingi. Kila Ijumaa mume wangu, Halkano, huudondoshea ndimu, nao huchemka na kutoa povu.

"Sikia, Mama Guyo!" huniambia. "Udongo wetu bado uko hai."

Lakini ndimu humaliza chokaa. Mwaka wa tatu povu lilikoma, nikaanza kusaga maganda ya mayai, ambayo nayo ni chokaa, na kuyachanganya humo kwa siri.

Leo nimeyakuta maganda yameshasagwa, na vidole vya Halkano ni vyeupe. Tumetazamana, kisha nimeikamua ndimu mwenyewe.

"Sikia, Baba Guyo," nimemwambia. "Bado uko hai."