Soksi ya Uzi Mwekundu

Koplo Kasiva alivunja matawi akayapanga barabarani, ili malori ya Mombasa yapunguze mwendo kabla ya kufika penye ajali.

Pikipiki ilikuwa imeingia chini ya trela. Mama mmoja wa kuuza vitunguu Kibwezi alikuwa amemfunika maiti kwa leso yake. Mguu mmoja ulibaki nje. Soksi ilikuwa imeshonwa kisiginoni kwa uzi mwekundu.

Kasiva ndiye aliyeishona, Jumapili baada ya kanisa. Uzi mweusi ulikuwa umeisha.

"Afande, nitoe kitambulisho chake?" konstebo aliuliza.

"Tupime kwanza. Shika tepu hapo kwenye tairi."

Walipima. Kasiva alisoma vipimo kwa sauti yake ya kila siku, kisha akavuta leso ikafunika soksi.

"Sasa kitambulisho, afande?"

"Wacha mifuko yake. Andika, jina nitakuambia mimi."