Mguu wa Breki

Mwalimu wa udereva alikuwa ameng'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili, na mkewe alikuwa akimsukuma kwa tumbo.

"Ingia, baba! Watu wanatazama."

"Waache watazame. Leza inakata chuma. Nimeiona kwa macho yangu kwenye karakana ya mageti. Mimi ni nyama tu!"

Ndani ya chumba, muuguzi aliinua kifaa chenye umbo la tochi.

"Hii ni ya aina nyingine, baba. Haikati, haichomi. Inaisaidia nyama kuota, huku dawa na mlo vikishusha sukari."

"Hata mimi huwaambia wanafunzi wangu hakuna hatari. Halafu tunaingia mtaroni."

Mtaani walimwita Breki, maana katika miaka yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kufika gia ya nne akiwa naye. Sasa kisukari kilikuwa kimemtoboa unyayo wa kulia, mguu ule ule wa kazi. Daktari wa upasuaji hakumung'unya maneno: kidonda kisipoanza kufunga, atakata chini ya goti.

Mkewe, ambaye watoto walimwita Kamanda, kwanza kisogoni na baadaye usoni, hakuwa tayari kuishi na mume wa mguu mmoja.

"Mwenye miwili tu ananishinda," alisema.

Kwa upande wake alikuwa amefanya kila kitu. Soda ambazo Breki alizificha nyuma ya kabati, alizifukua zote. Keki za sherehe alimpokonya mbele za watu, kijiko kikiwa bado hewani. Na kwa kuwa hakulelewa kutupa chakula, vyote hivyo alivimaliza mwenyewe, kwa faida ya familia.

Aliacha kusukuma kidogo, akafungua chupa kubwa ya maji na kuigugumia hadi ikabonyea.

"Usinishangae, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Ukibishana na mtu huyu tangu alfajiri, koo linageuka kigae."

"Mke wangu, nenda tu nyumbani," Breki akasihi. "Mguu huu tumezoeana."

"Uzoee leo, kesho ukauzike!"

Kamanda alimtazama mumewe, akaitazama ile fremu iliyoanza kulia, akaona nguvu imeshindwa. Basi akarudi kwenye njia yake ya zamani, ile aliyolelea nayo watoto. Mtoto akikataa dawa, yeye hutangulia. Kwa njia hiyo alikuwa amemeza dawa za minyoo za nyumba nzima na kutiwa matone katika masikio yasiyouma. Kitinda mimba alipovunjika mkono na kukataa kufungwa, Kamanda aliamuru wamfunge yeye kwanza, mkono mzima, plasta hadi kwenye kiwiko. Alipika nayo, akafua nayo, na mtu aliyemuuliza alijuta.

"Nianze mimi," alisema, akaingia. "Akiona nimetoka na vidole vyangu vyote, ataingia."

"Lakini mama, wewe huna kidonda."

"Na mkono wangu haukuwa umevunjika. Washa mtambo."

Muuguzi alichungulia foleni iliyokuwa ikinung'unika kwenye korido, kisha akamtazama yule mwanamume aliyeziba mlango mzima. Akashusha pumzi.

"Sawa. Ila tutafuata utaratibu, kama kwa mgonjwa yeyote. Vaa miwani hii, ufumbe na macho. Kabla ya mwanga nitakugusagusa nyayo kwa uzi huu mgumu. Kila ukihisi, sema 'ndiyo'."

"Hilo tu? Kwa hilo tu mtu mzima anataka kung'oa mlango?"

Kamanda alirusha viatu pembeni, akapanda kitandani kwa kishindo, akavaa miwani nyeusi iliyomfanya afanane na fundi wa kuchomelea.

"Breki! Tazama mwanamke anavyolala. Tazama, ukajifunze!"

Breki akaachia fremu kwa mkono mmoja. Baada ya kusita, akaachia na wa pili. Fimbo yake ikagonga sakafu, ko, ko, ikikaribia kitanda. Huko kwenye korido mtu akapiga makofi.

"Mnamsikia?" Kamanda akatabasamu, macho kafumba. "Anakuja mwenyewe. Dume zima linaogopa tochi!"

Muuguzi alikwisha kuanza. Uzi uligusa kidole gumba cha Kamanda, ukapinda. Ukagusa katikati ya unyayo, ukapinda. Ukahamia mguu wa pili, ukapinda tena. Breki alikuwa ameinama begani kwa muuguzi, akiutazama uzi, kisha midomo ya mkewe, kisha uzi.

Muuguzi aliusogeza hadi kisiginoni, akasimama ghafla. Akauweka uzi mezani, akavuta taa karibu, akachukua koleo dogo. Taratibu akachomoa kisumari cha soli kilichokuwa kimezama chote katika nyama, na damu nyeusi ikakifuata.

"Haya, anza basi," Kamanda akasema, amejinyoosha chini ya miwani yake. "Au na wewe unaogopa?"