Kilomita Elfu Tisa Bila Uongo

Chumvi aliingia msalani na begi lake, akatoka amevaa koti zito, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Ndani ya ndege kulikuwa na joto, watu wakijipepea kwa magazeti.

"Unaumwa?" dada yake aliuliza.

"Siumwi."

Dada mtu alifungua daftari, akalifunga tena kwa masikitiko. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na leo mama yao alikuwa amempa kazi ya kuhesabu uongo wa mdogo wake. Jina la Chumvi lilitokana na tabia yake ya kuitia chumvi kila habari. Tangu utotoni hakuna aliyemwamini hata akisema mvua inanyesha. Sasa mama amezeeka na duka lake linataka mtu. Alfajiri, kabla hawajaondoka kwa mjomba wao, alipiga simu akatoa sharti: tangu mlango wa ndege mpaka mlango wa nyumbani, Chumvi akisema uongo hata mmoja, ufunguo wa duka unakwenda kwa dada yake.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama alimalizia. "Ya leo ni kilomita elfu tisa. Tutaonana."

Chumvi alilitaka duka lile kuliko kitu chochote. Dada yake naye alilitaka, wala hakuona haya kumtega.

"Tutakaa angani muda gani?"

"Saa kumi na moja."

Dada akamuuliza mhudumu. Ni kweli.

"Na tutatua saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Haya, umeanza." Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Kisha akapiga hesabu kwa vidole: wameondoka saa kumi na mbili asubuhi, na majira ya kwa mjomba na ya nyumbani hayatofautiani. Akairudisha kalamu sikioni.

"Kati yangu na wewe, nani ana akili zaidi?"

Chumvi alifikiri kidogo. "Subiri tufike, dada."

Walipotua, foleni ya forodha ilisogea kwa kujivuta. Afisa aliyekuwa mezani alikuwa amesimama tangu alfajiri, na uso wake ulisema hivyo. Chumvi alikuwa akichuruzika jasho, mikono ameinyoosha ubavuni kama askari wa gwaride.

"Una mzigo wowote wa kulipia ushuru?"

Dada yake alisogea karibu, kalamu mkononi.

"Saa kumi na moja, afande."

Afisa aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akapiga mwayo. "Naiona, tena imeshapita. Hata zamu yangu imekwisha. Piteni, piteni."

Teksi iliposimama mlangoni kwa mama, dada yake alilipekua daftari lote. Halikuwa na hata alama moja, na roho ilimuuma kwelikweli.

"Basi, duka lako," alisema. "Lakini una wazimu wewe. Mtu anakuuliza mzigo, unamjibu saa?"

"Nilimjibu mzigo," Chumvi alisema, akapandisha mikono ya koti: sita kushoto, tano kulia, zote mpya, zote zinakwenda sawasawa.