Ndiga ya Siku ya Nne

Biasha alikuwa amejifunga majani ya mgomba mikono yote miwili, kitambaa puani, upepo mgongoni, akimwaga maji shimoni polepole kama anayemzika nyoka mzima, askari wa Mdachi walipoingia uani.

Walikuwa watatu. Wawili walibeba bunduki na njaa. Wa tatu, kiongozi wao, ombasha Abdulkarimu, alibeba fimbo tu, na macho yalikuwa yamekwishaanza kuhesabu mitungi.

"Chakula," alisema.

"Hakipo, afande."

"Na hiyo mitungi mitatu?"

"Hiyo ni ndiga. Ya siku ya nne."

Alilisema neno lile kwa hofu ya kweli. Biasha alikuwa bibi harusi wa miezi miwili, ametoka visiwani kwenye delta, kwao wali na samaki. Ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, alikisikia mara ya kwanza huku bara ya Kibiti, nyumbani kwa mama mkwe wake Mwanabaraka. Na kukiona hasa hakukiona. Alikuta vipande vimekwishazamishwa mitungini, chini ya majivu na majani yanayonuka kama beberu.

"Ndiga ikiwa porini ni sumu," Mwanabaraka alimfundisha. "Ikikaa majini siku saba ni chakula. Hapo katikati haijijui ni nini. Na kisichojijua, mwanangu, ndicho cha kukiogopa."

Akampa masharti. Usiishike kwa mkono mtupu. Usijifute macho. Maji yake mwaga shimoni, kuku wasifike. Upawa wake usiingie jikoni. Kila asubuhi funga fundo moja kwenye ukindu, usije ukajidanganya siku. Mzee Shaban, jirani, aliionja ya siku ya tatu. Alicheza ngoma peke yake mpaka alasiri, akalala siku mbili, alipoamka akamposa mke wake mwenyewe.

Jana Mwanabaraka aliwachukua wajukuu wanne kwenda maziko Mbwara. Mshamu, mume wa Biasha, alikuwa msituni na wenziwe walionyweshwa maji ya vita. Kwa hiyo nyumba ilibaki mikononi mwa Biasha: mitungi ya kulinda watu na sumu, na darini, juu ya meko, kikapu cha makopa cha kulinda na watu. Makopa yale, vipande vya muhogo mkavu, aliambiwa ndiyo yangewavusha watoto mpaka mpunga uive.

"Nikikuta kimepungua kipande kimoja tu," Mwanabaraka alimwambia akiwa mlangoni, "nakurudisha kwenu ukavue kaa. Na askari wakija usijaribu kusema uongo. Uso wako pakacha, kila unachokitia kinavuja."

Sasa ombasha alicheka, akawageukia wenziwe. "Mnasikia? Kila kijiji wimbo huu huu. Juzi wengine walituambia mtama wao una jini."

Akachovya fimbo mtungini, akaibua kipande cheupe, akamsogezea Biasha mdomoni.

"Kula."

Biasha alirudi nyuma akajikwaa, akakaa chini. Kipande kilipomkaribia tena alifumba mdomo mpaka midomo ikapotea, machozi yakamchuruzika, naye hakuthubutu kuyafuta kwa mikono ile.

"Nipige risasi, afande," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Risasi naijua. Hiyo siijui."

Ombasha alimtazama kitambo. Alikwishawaona waongo wengi tangu vita vianze, wa kulia na wa kucheka. Huyu hakuwa mmoja wao. Akaitupa fimbo yake shimoni, fimbo nzuri ya mpingo, akafuta vidole kwenye kaptula, kisha akakumbuka, akaitazama kaptula kwa mashaka.

"Msiguse mitungi," aliwaambia wenziwe. "Tafuteni ndani."

Hapo ndipo Biasha alipofanya kosa. Alitazama mlangoni, akatazama juu ya meko, akatazama chini haraka.

Askari mmoja alikishusha kikapu kabla hajameza mate. Biasha akakirukia, akaning'inia.

"Makopa ya watoto hayo! Afande, chukua kuku, nichukue mimi nikabebe mizigo, kikapu niachie! Mama mkwe ataniua!"

"Ehee!" ombasha akafurahi. "Sasa tumefika. Wimbo umekwisha, mambo yameanza. Mama mkwe mwambie serikali inamshukuru."

Wakaondoka kwa njia ya Mchukwi wakicheka, kikapu kichwani kwa mmoja wao, na mwingine anasema kambini leo watapika sufuria mbili.

Biasha alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu, kwa kuwa sharti ni sharti, akafunga majani mapya mikononi akabadilisha maji ya mtungi wa tatu.

Mwanabaraka alirudi kesho yake adhuhuri, wajukuu nyuma yake, wamechoka na wana njaa. Biasha alimpigia magoti njiani, akaeleza yote bila kujitetea: fimbo, risasi, jicho lake lililomsaliti, kikapu.

"Uliking'ang'ania?"

"Niliking'ang'ania, mama, mpaka kucha zikang'oka. Hizi hapa."

"Na ulilia?"

"Nililia sana."

Mwanabaraka alimpita akaenda moja kwa moja kwenye mitungi, akakunja nguo, akazamisha mkono mtupu mpaka kiwikoni. Akaibuka na kipande, akakisuuza, akakitia kinywani.

"Mama!" Biasha akapiga kelele.

Mwanabaraka alitafuna bila haraka.

"Muhogo umelainika vizuri," alisema. "Washa moto, watoto wale." Kisha akaitazama njia ya Mchukwi. "Na hao mabwana, wamekibeba kikapu bila hata kukuuliza ndiga ile inalowekwa siku ngapi?"