Kicheko cha Wimbo wa Tatu

Sheria ilikuwa moja: toleo jipya la albamu likikufikia, la zamani linachukuliwa likayeyushwe. Naliaka alimkabidhi afisa aliyefika nyumbani santuri ya baba yake, ile albamu ya kwanza aliyoitoa peke yake baada ya kuachana na bendi yake ya roki, naye akapewa CD ya albamu hiyohiyo.

"Mama yako bado anacheka humo?" aliuliza baba yake, Mzee Kizito, kutoka kitini.

Katika wimbo wa tatu uzi wa gita ulikatika, na marehemu mama akaangua kicheko pale studioni. Baba alikataa kifutwe. Ndiyo sauti yake pekee waliyobaki nayo.

Naliaka akacheza CD. Uzi haukukatika. Kicheko kilikuja, kirefu kuliko alivyokizoea, kisha mama akaita taratibu, "Naliaka, njoo umsikie baba."

Naliaka akamgeukia mzee. "Baba, mlirekodi kabla sijazaliwa."

Akakimbilia dirishani aidai santuri ya zamani. Gari la afisa lilikuwa limeshaondoka.

Nyuma yake mzee alikuwa amefumba macho, anatabasamu. "Ulikuwepo, mwanangu. Ulisimama mlangoni na gauni lako la njano. Hebu rudisha nyuma kidogo."