Swali la Bomba

Kwenye mkutano wa kampeni nilimuuliza Dhapu, anayegombea kiti kilichotengewa wanawake kijijini kwetu, kwa nini bomba la mkono limekauka tangu sikukuu ya Holi. Mumewe akainyakua maikrofoni.

"Shemeji, mwaka huu tunawachimbia mabomba matatu."

"Sijakuuliza wewe," nikamwambia. "Kwani jina lako limo kwenye karatasi ya kura?"

Wanaume wakacheka. Vidole vya Dhapu vilikuwa vimeshika pindo la ushungi uliomfunika uso mpaka kidevuni. Akaupandisha taratibu hadi kwenye nywele, mbele ya baba mkwe wake aliyeketi pale, ambaye kwa desturi hakuwa amewahi kumwona uso, kisha akachukua maikrofoni.

"Limekauka kwa sababu pampu ya huyu mume wangu inavuta maji yote kwenda shambani kwake," alisema. "Haya, swali lingine."