Kadi Inayoingia Vizuri

Kompyuta ya marehemu mama ilikuwa kuukuu, na ndiyo maana niliipenda. Skrini zote za siku hizi hazimwonyeshi mtu aliyefutwa kisheria. Kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta humwondoa yenyewe. Kadi ya mama ilikuwa ya zamani, haikujua sheria hiyo. Wiki iliyopita ikaungua.

Nikampigia mdogo wangu Sudi, fundi kompyuta.

"Za zamani hazifai tena, dada. Kuna mpya nimeijaribu, inaingia vizuri kabisa."

"Haitanichezea picha zangu?"

"Hairati, mimi nikudanganye wewe?"

Alikuja mwenyewe kuifunga. Chai niliyomwekea hakuimaliza, akaaga kabla sijawasha.

Nikafungua video ya mama akipika vitumbua, niliyozoea kuitazama kila Ijumaa. Jiko lilikuwepo. Kigoda kilikuwepo, kitupu. Kijiti kilikuwa kinageuza vitumbua chenyewe, hakuna mkono, na sauti ya mama ikaita kama siku zote: "Sudi, baba, niletee sahani."

Sikujua kwamba mama amefutwa. Marehemu hafutwi na jirani wala na serikali. Lazima ombi litolewe na mtoto wake wa kumzaa, kwa alama ya kidole chake mwenyewe. Na mama alituzaa wawili tu.

Simu ikaita. Alikuwa Sudi.

"Dada," akauliza kwa sauti ya chini, "umeshawasha?"

 Nikairudisha video nyuma, nikaisogeza simu kwenye spika, asikie anavyoitwa.